Otilia na Diski Bandia

Otilia ni mkulima wa kijiji cha Mwimbi, yule ambaye kwenye palizi wenzake humwomba apunguze kasi wasiaibike. Siku moja alinyanyua gunia la mahindi kulipandisha kwenye mkokoteni, kiuno kikalia ko! Maumivu yakashuka mguu wa kushoto mpaka unyayoni. Tangu hapo akawa wa kusimama au kulala chali. Kukaa hawezi.

Hospitalini Sumbawanga daktari alimwonyesha picha. Diski, ule mto laini ulio kati ya pingili za uti wa mgongo, ilikuwa imepasuka na kubana mshipa wa fahamu. Msimu mzima alikunywa dawa na kufanya mazoezi, asipate nafuu. Ndipo daktari akadokeza kwamba siku hizi kuna diski bandia, ila wapasuaji wanaoiweka ni wa kutafuta.

"Basi nitamtafuta," Otilia akasema.

Mumewe, Kornel, aliogopa. "Mama Romani, wanaopasuliwa mgongo si wote wanaoamka. Tumshukuru Mungu upo hai. Kaa nyumbani, sisi tutalima."

"Mungu nimemshukuru. Kukaa sitaki."

Akahamia kwa dada yake Lydia, Milanzi, pale Sumbawanga, na kutoka huko wakapiga simu hospitali baada ya hospitali. Daktari bingwa wa kwanza kumpokea alikuwa mji wa mbali. Otilia alisafiri amesimama, ameshikilia kiti cha basi, abiria wakimsihi akae naye akikataa. Bingwa aliitazama picha kidogo tu.

"Tutaziunganisha pingili kwa skrubu."

"Nitainama?"

"Si kama zamani."

"Na diski bandia? Umewahi kuiweka?"

"Mama, kazi yako ni kupona. Ya kupasua niachie mimi."

"Mgongo ni wangu, daktari." Akachukua picha zake, akatoka.

Aliporudi nyumbani Mwimbi, jirani walimcheka: mgonjwa gani anachagua daktari kama anachagua kanga? Kornel hakucheka. Alimkuta mkewe jikoni akisonga ugali huku amejiegemeza ukutani, machozi yakimtoka, asitake kusaidiwa. Wiki hiyo hiyo akauza maksai wake, na safari ya Dar es Salaam wakaenda wote wawili.

Huko walimkuta Daktari Masunga, mpasuaji wa mgongo. Otilia alimuuliza akiwa amesimama vilevile: "Umeshawawekea wangapi? Na aliyeharibikiwa, ilikuwaje?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Si wengi. Mmoja diski ilisogea, nikamfungua tena. Mpaka leo anatembelea fimbo." Kisha akamwonyesha kwenye picha kwa nini mifupa yake inafaa, na kwamba angepitia tumboni, siyo mgongoni.

"Wewe ndiye nikutafutaye," Otilia akasema. Kornel akageukia dirishani akajifuta uso.

Alipasuliwa, akaamka. Vidole viwili vya mguu vimebaki na ganzi, na magunia amekatazwa asiyaguse. Lakini anakaa, na anainama.

Mavuno ya ulezi yalipowadia, Kornel alibeba kiti cha plastiki mpaka shambani, akakiweka kivulini. "Utukague tu ukiwa hapa, mama."

Otilia alikitazama kile kiti. "Kirudishe nyumbani," akasema, "kinachukua nafasi ya ulezi wangu." Akatoa kisu chake, akainama kwenye masuke, akaanza kukata.