Alizeti Niliyoifunika

Juzi nilimwona mjukuu wangu akifukuza nyuki kwenye alizeti, nikakumbuka mchana mmoja kwetu Migori. Shamba la mama lilivuma kwa nyuki tangu maua yalipochanua. Mimi niliamini wanayala, kwa hiyo alizeti moja niliifunika kwa kitambaa kikuukuu kabla haijafunguka, ili iwe salama.

Mavuno yalipokaribia, baba alichoka kuumwa na nyuki. Akarundika majani makavu chini ya mti wenye mzinga, akayawasha.

"Leo wanahama," alisema.

Moshi ukatanda. Nilifurahi, nikamvuta mama aje aione alizeti yangu. Alifungua kitambaa, akabonyeza mbegu moja, kisha nyingine. Zote zilikuwa mapepe. Akabonyeza za alizeti ya kando: zilijaa na kunukia mafuta. Nikaangua kilio.

"Nyathina, mwanangu, usilie," mama alisema, akanikumbatia. "Baba Atieno, zima huo moto! Njoo uone mtoto ametuonyesha nini."

Baba alizibonyeza mbegu za alizeti zote mbili, kisha akarudi kuukanyaga moto.

Leo najua kwamba nyuki hubeba chavua kutoka ua hadi ua. Siku ile niliamini wanabeba mbegu zenyewe mdomoni na kuzichomeka moja moja.

Baba alinibeba begani, mimi msichana mkubwa, tukapita kwa majirani. Kila tuliyekutana naye, baba alimwambia, "Huyu ndiye Atieno wangu. Ameokoa nyuki wetu."