Mama Kidogo na Mlango wa Fundi

Jina la Mama Kidogo halikutokana na umbo lake, maana mlango wa duka lake mwenyewe alikuwa akiupita kwa ubavu. Lilitokana na biashara. Kitu ambacho wengine walikiuza kizima, yeye alikikata: nusu mche wa sabuni, robo mkate, majani ya chai ya kutosha birika moja. Mumewe alipofariki alimwachia lile duka la chumba kimoja lenye dirisha la nondo, na kwa miaka mingi mtaa mzima ulipita pale dirishani, haja iwepo isiwepo.

Kisha supamaketi ikafunguliwa barabara ya juu, yenye milango ya vioo inayojifungua yenyewe. Mama Kidogo akajiandaa kama mtu anayengoja msiba: wateja watahama, naye atafunga. Lakini wateja hawakuhama sawasawa. Walinunua kule, kisha wakaja kwake na mifuko yao.

"Mama, niwekee huu mzigo, narudi sasa hivi."

"Mama, ufunguo huu mpe mwanangu akitoka shule."

"Mama, fundi bomba amepita?"

Aliwatunzia mizigo, funguo na maneno yao, na jioni alikuwa hajauza kitu cha maana. Hakujua awanunie au awashukuru kwa kumkumbuka.

Mmoja tu hakuwa kigeugeu. Huyu alikuwa fundi cherehani mstaafu, aliyefiwa na mkewe, akawa anaishi peke yake kwenye nyumba ya nyuma ya duka. Kila asubuhi alikuja kununua nusu mkate na kuilalamikia hali ya hewa. Basi wiki moja, Jumatatu hakuonekana. Jumanne hakuonekana. Jumatano Mama Kidogo alishindwa kuvumilia, akafunga dirisha na kumfuata jirani yake anayechomelea vyuma.

"Baba, yule mzee hajaonekana tangu juzi. Na anaishi peke yake."

"Labda amesafiri."

"Aende wapi? Yule hata barabara ya juu hafiki."

Wakaenda, wakabisha hodi. Kimya. Ndani redio ilikuwa ikizungumza peke yake. Wakabisha tena, wakaita, na machozi yakaanza kumlengalenga Mama Kidogo. Mchomeleaji akarudi nyuma kidogo, akaupiga mlango bega. Mlango ulikuwa umeshazeeka. Ukang'oka na bawaba zake, ukalala sakafuni.

Fundi alikuwa ameketi mezani amevaa fulana, shavu moja limejaa. Mbele yake palikuwa na mkate mzima, uliokwisha kukatwa vipande, ndani ya mfuko wa supamaketi.

Mchomeleaji akajipangusa bega, akasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mlango wangu umewakosea nini?"

"Tulidhani umekufa," Mama Kidogo alisema.

"Sijafa. Nakula."

"Na hodi zote zile hukuzisikia?"

"Nilizisikia. Nikaitambua sauti yako, nikaona haya."

Mchomeleaji aliaga upesi, akasema anafuata nyundo. Mama Kidogo alibaki amesimama kando ya mlango ulioanguka, hajui afurahi au akasirike. Alikuja kumlilia maiti, akakuta msaliti.

"Kwangu umekosa nini?" aliuliza.

Fundi aliusogeza mkate pembeni. Aliunyoosha mkono wake wa kulia juu ya meza, nao ukatetemeka kama jani. "Kisu sikiwezi tena," alisema. "Kule mkate unakatwa na mashine."

"Si ungeniambia? Ningekukatia."

"Ningekuambiaje, mimi niliyewakatia suti mabwana harusi wa mtaa huu? Kule nikiangusha sarafu, nikaokota, hakuna anayeniangalia. Kwako nikiiangusha asubuhi, jioni watu wanakuja kunipa pole."

Mama Kidogo alitaka kukanusha, akashindwa. Alijua ni kweli. Na habari hiyo angeieneza yeye mwenyewe, kwa nia njema kabisa.

Usiku huo usingizi ulimkataa. Siku zote alijisifu kwamba duka lake ndilo lililoujua mtaa. Kumbe mtu anaweza kukimbia kwa sababu hiyohiyo. Kesho yake akavaa vizuri, akaenda supamaketi kujionea. Aliwasalimu watu mlangoni, hakuna aliyeitikia. Akazunguka kati ya rafu, akapotea, akatokea tena kwenye sabuni ileile. Hakuna aliyemuuliza habari za goti lake, wala anaendeleaje tangu mumewe aondoke. Alinunua biskuti, akazila njiani moja baada ya nyingine, na jambo lililomchanganya zaidi ni kwamba alijisikia vizuri.

Mchomeleaji aliurudisha mlango, na Jumamosi Fundi akaja dirishani. Mama Kidogo akamkatia nusu yake ya mkate vipande vipande, bila neno, akaifunga. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yake akauliza, "Mbona wake umekatwa hivyo?"

"Siku hizi ndivyo ninavyokata."

"Basi na wangu."

Tangu hapo ikabidi awakatie wote. Baadhi wakaisifu huduma mpya, wakarudi. Wengine waliendelea kuleta mifuko tu. Fundi naye hakuacha kabisa barabara ya juu. Siku nyingine alipita na mfuko wake, na Mama Kidogo akajifunza kuwa na kazi ya haraka upande wa ndani wa duka.

"Lakini ukienda kule," alimuuliza siku moja, "mimi nitajuaje kama u mzima?"

Fundi aliitazama barabara ya juu. "Hata mimi sijui," alisema.

Jibu halijapatikana. Asipomwona siku mbili, Mama Kidogo hufunga dirisha na kupita polepole mbele ya nyumba yake, kama mtu mwenye shughuli mbele huko. Majuzi alipopita, sauti ilitoka ndani:

"Mimi mzima. Endelea na safari yako."

Hakuwa na safari yoyote. Ikambidi atembee mpaka mwisho wa barabara, asimame pale kidogo, ndipo arudi.