Siku Niliyosema "Leka"

Niliishia darasa la saba, na sarakasi nilijifunza kwa vijana wenzangu, cheti sina. Naliweka hili mbele ili asiyenijua asidhani anamsoma mtaalamu. Zungusho kubwa, lile la kulizunguka bomba mwili mzima ukiwa umenyooka, miguu ikipita juu ya kichwa na kurudi chini, mimi mwenyewe nimelipata vizuri mara mbili tu. Ya tatu nilitua kwa makalio. Lakini kulifundisha naweza, au ndivyo nilivyokuwa nikijiambia.

Uwanja wetu uko Kagondo, kwenye kipande cha shamba ambacho migomba yake iliisha kwa mnyauko, mwenyewe akatuachia. Bomba lilichomelewa na fundi wa Kashai: nguzo mbili, waya nne za kuzuia zisitikisike, na chini yake shimo tulilolijaza maranda ya mbao na kulifunika kwa magodoro ya zamani. Chaki ya mikononi tunasaga vipande vinavyobaki darasani. Mvua ya Bukoba haitangazi, kwa hiyo siku nyingi kazi ya kwanza ni kulifuta bomba kwa tambara.

Kati ya watoto ninaowafundisha nitaeleza habari za wawili. Mmoja ni msichana wa miaka kumi na miwili, mtu wa Ijumbi kule Muleba, aliyekuwa akikaa Kashai kwa shangazi yake ili asome mjini. Wa pili ni mvulana wa duka la jirani na chumba nilichopanga. Babu zake walitoka pwani. Kihaya anajua salamu tu, na mdomo wake haupumziki.

Msichana yule alikuwa na mabega niliyokuwa nayaonea wivu. Miezi kadhaa alifanya mazoezi kwenye vitanzi nilivyoshona kwa mikanda ya mabegi: unavaa soksi mikononi, unaingiza kiganja, kitanzi kinazunguka na bomba, hata ukiachia huanguki. Nilikuwa namwimbia maneno matatu. "Refuka" akiwa anashuka. "Teke" akipita chini kabisa. "Sukuma" akipanda, ili mabega yafunguke afike juu. Siku alipozunguka mara ya kwanza akiwa kwenye vitanzi, mvulana wa duka alipiga kelele: "Feni! Jamani, feni ya msikitini!" Jina likamganda.

Basi ikafika Jumamosi nikavitoa vitanzi. Hakuwa wa kuzunguka bado. Alikuwa wa kubembea tu kwa mikono mitupu, kila mara juu kidogo, nami nimesimama juu ya meza kando ya bomba tayari kumdaka. Bembea ya nne akapanda kuliko nilivyotaka. Nikaona viwiko vinakunjika. Nikapiga kelele asimame.

Akaachia.

Alikuwa akienda nyuma, upande nisiokuwepo. Akavuka magodoro, akatua kwenye udongo kwa mkono mmoja. Kifundo kilivimba mbele ya macho yetu. Zahanati walisema mfupa haukuvunjika, kifundo kimeteguka, lakini wiki hiyohiyo mama yake alikuja kumchukua akamrudisha Ijumbi. Shangazi akaniambia kwa upole, na upole wake uliniuma: "Mwalimu, mama yake amesema habari ya mabomba basi."

Sasa niandike lililo baya. Jioni ile ya ajali niliwakusanya waliobaki nikawaambia: "Mmeona? Ukiogopa, mikono inaachia. Mwenzenu aliogopa." Mvulana wa duka akauliza, "Mwalimu, *leka* ndiyo nini?" Nikamwambia aache maneno, akafagie maranda. Sikumsikia. Yaani masikio yalisikia, mimi sikusikia.

Siku zikaenda. Nililiacha bomba, nikawapindua wengine kwenye nyasi. Nilijiuliza kama mtu wa darasa la saba ana haki ya kuwatundika watoto wa watu hewani. Ila kumpoteza yule msichana bila hata kumjulia hali niliona si uungwana, nikapanda gari hadi Muleba, kisha bodaboda hadi Ijumbi, nimebeba sukari na sabuni.

Mama yake alikuwa jikoni anamenya ndizi. Ni mwanamke mrefu, Mlutheri wa kuimba kwaya, mwenye macho ya kukupima. Hakuinuka.

"Karibu, mwalimu wa popo," akasema. "Au umekuja kumtundika na mbuzi wangu?"

"Nimekuja kumjulia hali mtoto, mama."

"Mkono umepona. Roho ndiyo sijui. Tangu arudi hasemi chochote kuhusu huko kwenu, na kila jioni namkuta ananing'inia kwenye mti wa mparachichi. Mimi namshusha, yeye anapanda. Niambie wewe: aliogopa nini hata akaachia? Mwanangu si mwoga."

Nilifungua mdomo nimweleze habari ya hofu. Wakati huohuo mdogo wa yule msichana, katoto ka miaka mitatu hivi, kalijivuta nyuma ya mama kakaokota kisu kingine kwenye sinia. Mama hakugeuka hata shingo.

"Leka!"

Kisu kikaanguka palepale, vidole vimefunguka vyote vitano, mikono imeinuliwa juu. Kalizoea. Wala hakakulia.

Swali la mvulana wa duka lilinirudia kama limesemwa sasa hivi. Siku zote nafundisha kwa Kiswahili, lakini nilipoona viwiko vinakunjika nilishtuka, na nikishtuka hutoka lugha ya nyumbani, Kihaya. Nilipiga kelele "Leka!" Mimi nilimaanisha acha kubembea, simama. Yeye alisikia neno alilolisikia tangu anatambaa: kilichoko mkononi, kiachie.

"Mama," nikasema, "hakuogopa. Alitii."

Nikamweleza. Binti alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini. Akasema taratibu, "Mwalimu, nilidhani umeona bomba linakatika."

Hapo mama akaweka kisu chini. "Kwa hiyo mimi nimefundisha vizuri," akasema, "na wewe umefundisha vizuri, halafu mtoto ameanguka katikati yetu."

"Mama, kosa ni langu."

"Nimesikia. Sijakuambia si lako." Akaanza kumenya tena. "Mtoto akiwa juu usimwambie la kuacha. Mwambie la kushika. *Kwata!* Na nitakuja kuona kwa macho yangu. Nikiona upuuzi, namteremsha mwenyewe."

Jumamosi iliyofuata nilianza kwa kuwaambia watoto kwamba niliwadanganya: mwenzao hakuogopa, neno langu ndilo lilimwangusha. Mvulana wa duka nilimwomba radhi kwa jina lake, mbele ya wote. Nikawaambia kuanzia leo neno la hatari ni *kwata*. Sikumaliza. Mvulana alikwisha kakamaa, kifua mbele, mkono kichwani, anapiga gwaride kuzunguka shimo: "Kushoto, kulia! Kwata, afande!" Wengine wakajipanga nyuma yake. Kweli, kwenye Kiswahili kwata ndiyo hiyo. Nilicheka hadi nikakaa chini. Tukakubaliana neno liwe "Shika", ambalo kila mtu analo.

Mama alimleta binti likizo ilipoanza, wakafikia kwa shangazi, na kila zoezi alikaa na kitenge chake cha kanisani kwenye ndoo iliyopinduliwa. Tulirudi mwanzo: vitanzi siku nyingi, kisha bembea ndogo za mikono mitupu, magodoro safari hii yakiwa pande zote mbili. Siku ya zungusho nilikuwa juu ya meza. Refuka. Teke. Sukuma. Akapanda, akapanda, na karibu kabisa na juu akapungukiwa mwendo, akabaki hewani, kichwa chini miguu juu, kama anayefikiri aangukie upande gani. Nami lile neno "Shika" likanikwama. Naandika kama lilivyokuwa: lilinikwama.

"Kwata, mwana wange!" mama akapiga kelele kutoka kwenye ndoo.

Vidole vikakaza. Nikayaona mabega yanafunguka, miguu ikavuka ule upande mwingine, na akashuka na upepo wake wote, akapita mbele ya uso wangu mara moja, mara ya pili. Safari hii hakuna aliyepiga gwaride.

Aliposhuka alienda kwa mama yake, mikono myeupe kwa chaki, akamshika kitenge. Mama akatazama alama za vidole kumi kwenye nguo yake ya kanisani.

"Sasa leka," akamwambia.