Wageni Walioishia Getini

Nilitoka zamu ya usiku kwa bibi mzee ninayelipwa kumhudumia, nikaoga, nikabeba nyama ya mbuzi na mkaa, nikampakia mama kwenye gari. Jumamosi za joto, bustani ya jimbo iliyo kando ya mto Potomac hujaa mapema, na ikijaa wanafunga geti. Nilikuwa nimewaandikia watu wangu kwenye kundi la simu: saa nne asubuhi, jamani, nawaomba. Wakajibu kwa vidole gumba na mioyo.

Mama alikuwa anaondoka Jumatatu. Ziara yake nzima huku ughaibuni alikaa ndani kwangu Springfield, mimi nikiingia kulala na kutoka kwenda kazini. Kilichomsumbua hakikuwa upweke wake. "Ukiugua huku, nani anakuja kukuangalia?" aliniuliza. Nikamwambia nina watu, tena wengi. Hakuniamini. Ndiyo maana nilitaka awaone, apande ndege moyo wake umetulia.

Saa nne tulikuwa wawili. Saa sita tulikuwa bado wawili, nyama tayari iko juu ya mkaa. Watu waliburuta mitumbwi yao ya plastiki kuelekea majini wakicheka, na baba mmoja akaja kuuliza kama meza zote zile tulizowashikia wageni ni zetu. Nilimjibu vibaya. Miguu iliniwaka moto, na rafiki zangu wote niliwachukia mmoja mmoja.

Ndipo simu ikalia. Alikuwa nesi Mkenya niliyewahi kufanya naye kazi Manassas.

"Aki pole, tuko hapa kwa gate. Huyu jamaa anasema park iko full. Na nyuma yangu ni watu wetu tu, wote wame-line up."

"Si niliwaambia saa nne?"

"Nilikuwa bado napika chapati."

Sikuwa na nguvu hata ya kugomba. Kufungasha kila kitu tuwafuate, nayo ilikuwa kazi nyingine. Mama akaniomba simu, nikaiweka kwenye spika.

Kule getini wakaipitisha simu ya nesi gari hadi gari, na shikamoo zikaanza kuingia: ya nesi, ya jirani yangu wa Tanga, ya dada Mkongo anayenisuka. "Shikamoo maman, pardon, tumechelewa." Mama akaitikia marahaba kila moja, akauliza kila mtu kwao ni wapi, hana haraka hata kidogo. Nyuma yao nilimsikia mlinzi akiwahimiza wageuze magari.

"Wanangu, sikieni," mama akasema, nao wakashuka wakaizunguka simu. "Mwanangu huyu hana muda wa kulala. Mimi keshokutwa naondoka. Msimwache afanye kazi mpaka aanguke. Namwacha mikononi mwenu."

Wakaitikia, sauti juu ya sauti: "Ndiyo, mama."

Nilikaa kwenye benchi nikalia waziwazi, mbele ya yule baba niliyemjibu vibaya. Mama akachukua koleo, akaanza kugeuza nyama.

"Lala kidogo," akasema. "Leo mimi nipo."