Namba ya Tiketi ya Baba

Harufu ya dagaa wanaokauka mchangani hainipi hamu ya kula. Hunirudisha Mwamgongo, kijijini kwetu kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka ule watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya Ujamaa. Mimi na dada yangu Dafroza tulilinda dagaa wa mama. Kutwa tulikaa juani kufukuza kunguru na kuku, na mchanga uliobaki wazi ndio uliokuwa daftari letu. Baba alikuwa amevuka kwenda Kongo kuwasalimu ndugu zake, akaahidi kurudi kabla ya mvua. Mvua zilinyesha zikaisha, naye kimya. Tulibaki na tiketi ya meli ya safari yake ya nyuma, ile aliyorudi salama. Ilikuwa na namba 1022117.

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa ametufundisha namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, akatuandikisha zote mpaka elfu moja. Dafroza alikuwa na miaka kumi na minne na ubishi wa watu wazima watatu. Akajiwekea ishara: namba ya baba ikikataa kugawanyika, baba atarudi. Nilimsomea orodha, yeye akagawa kwa kijiti mchangani. Kwa tatu ikakataa. Kwa saba ikakataa. Upepo ukifuta hesabu, anaanza upya bila kununa. Tulikwenda hivyo siku nyingi, hadi tukafika 997, ya mwisho. Ikabakiza 192. Dafroza alilia kwa furaha, kisha akaingiwa na wasiwasi.

"Kamuulize mwalimu kama zimetosha," akaniambia. "Huenda baada ya elfu zipo nyingine za kujaribu."

Nilikuwa na miaka tisa, jua limenichoma, na wenzangu walikuwa majini wakipiga kelele. Nikaenda kuogelea.

"Mwalimu kasema zimetosha," nilimwambia niliporudi.

"Mbona nywele zimelowa?"

"Nimenawa uso."

Akaniamini. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Siku ya kuhama, boti zilipokuja kutuchukua, Dafroza alikataa katakata kupanda. "Mama, baba atatukuta wapi? Atakuja hapa hapa. Namba imekataa!" Mama alimbembeleza, akamgombeza, mwisho akamwacha kwa shangazi, ambaye zamu yake ya kuhama ilikuwa bado, akidhani upweke utamshinda. Haukumshinda. Alingoja ufukweni miezi kadhaa, kisha akaomba nafasi kwenye mtumbwi wa wavuvi waliokuwa wanavuka, amfuate baba mwenyewe. Mtumbwi ule haukufika ng'ambo, wala haukurudi. Baba naye hatukumwona tena.

Nilikuja kusomea ualimu. Huko nikafundishwa kwamba, ili kujua kama namba ni tasa, unajaribu mpaka namba unayogawia, ikizidishwa kwa yenyewe, iipite ile unayoipima. Baada ya 997 inafuata 1009. Niligawa pale pale darasani. Ikatoka 1013, bila baki. Ilikuwa imebaki moja tu ya kujaribu, na mwalimu wetu angetuambia.

Siku hizi nakaa Kigoma mjini, na dagaa nawafuata ufukweni Kibirizi, boti zinakoshushia. Kila boti ikitia nanga nawatazama wanaoshuka, mmoja mmoja. Juzi nilimpa mjukuu wangu namba ile. Akaibonyeza kwenye simu, na jibu likaja kabla sijakaa vizuri.

"Inagawanyika, bibi. Ilikuwa namba ya nini?"

Nikamwambia ni ya dada yangu. Alinituma kuuliza swali, nami nikaenda kuogelea.