Ndege Iliyorudi na Unga

Jamani, aibu hii niliitafuta kwa mikono yangu mwenyewe. Nilitoka Sindeni nikapanda Bungu kujitambulisha ukweni. Baba mkwe alinipokea vizuri, ila maneno yakatuishia mapema. Mama mkwe alikuwa nyuma ya jiko la nje akiandaa chakula, na mkwe mgeni haendi huko.

Ukimya uliponizidi, nikakunja ndege ya karatasi, ile inayobiringika hewani. Nikairusha. Upepo wa mlimani ukaipitisha juu ya jiko, ikapotea. Punde ikarudi, ikatua miguuni pangu.

"Kumbe inarudi yenyewe?" baba mkwe akashangaa.

Hakuna aliyenilazimisha kudanganya. Lakini mtu mwenye kiu ya kuheshimiwa hupokea hata sifa isiyo yake. "Ni mkia, mzee. Nimeukunja kwa hesabu."

Nikairusha tena na tena. Kila iliporudi, nilizidi kumfafanulia hesabu zangu.

Mwishowe akaiokota, akaigeuza. Mbawa zilijaa alama za vidole vyenye unga.

"Mwanangu," akauliza taratibu, "kwani huko juu nako wanasukuma chapati?"

Hapo ndipo nilipoisikia sauti ya mama mkwe kwa mara ya kwanza. Alikuwa anacheka.