Kabari ya Kushoto

Mpishi wa kambi ya wajenzi wa barabara alikuwa na nyumba yenye magurudumu mawili. Lilikuwa tela la kulala: kitanda, dirisha moja, jiko la gesi, na kabati lisilofungika mpaka upige mlango wake teke. Humo aliishi na mumewe, dereva wa greda, tangu wote wawili wakiwa hawana mvi hata moja. Barabara ikisogea, nao wanasogea. Watani waliwaita Konokono, wala hawakununa.

Mume alikuwa mtu wa taratibu mpaka anakera. Hakulifungua tela kwenye gari kabla ya kukagua ardhi kama ni tambarare, kuvuta breki ya mkono, kusukumia kabari za mti chini ya magurudumu na kushusha mguu wa mbele.

"Tela likiachwa peke yake halina akili," alikuwa akisema. "Akili yake ni hizi kabari."

Hayo aliyajua kwa aibu. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao, kila mmoja alidhani mwenzake ameshaweka kabari. Tela likaondoka zake mteremkoni hadi jiko la kambi, likapindua sufuria zote. Wajenzi walilala njaa, na wao wawili wakatamani ardhi ipasuke iwameze. Tangu hapo ikawa sheria: gurudumu la kulia ni la mke, la kushoto ni la mume, kuweka na kutoa, na marufuku kugusa la mwenzako. Ukimaliza unaita, "Langu tayari!" Mwenzako naye anaitikia hivyo hivyo.

Mvua zilipoanza, kifua kilimbana mume, akafariki. Mvua zilipokoma barabara ilikuwa imekamilika, kambi ikavunjwa. Mtoto wao wa kiume akaja na pikapu.

"Mama, tuliuze tu. Kwangu chumba kipo. Ukiwa peke yako na dude hili, mimi usingizi sitaupata."

"Nitakaa uani kwako, ndani ya nyumba yangu. Kwani baba yako alinioa sina mikono?"

"Haya basi. Mimi nakaa kwenye usukani tu, kazi yote ufanye wewe. Ukipatia, ni lako. Ukikosea hata kidogo, tunauza."

"Sawa."

Alijibu kijeuri, lakini ndani aliogopa. Mume ameshaondoka, na tela likiondoka, atabaki hana pa kumlilia.

Aliielekeza pikapu irudi nyuma, akalifunga tela, akalitikisa kuhakikisha limeshika. Akaunganisha minyororo, akakagua taa, akapandisha mguu wa mbele, akaachia breki. Kabari huja mwisho, na hilo alilijua kuliko jina lake. Akainama kulia, akavuta kabari yake, akaifuta udongo.

"Langu tayari!" akaita, akasimama kusubiri.

Kijana akadhani anaambiwa waondoke. Pikapu ikanguruma, tela likashtuka na kulalia upande, vikombe vikavunjika ndani. Akazima gari, akashuka, akazunguka hadi kushoto. Kabari ilikuwa pale pale baba yake alipoiweka, na kamba ya kuivutia bado ilikuwa nyeusi kwa grisi ya mikono yake.

"Mama," alisema kwa upole, "umesahau ya kushoto."

"Sikusahau." Mama akaitazama ile kamba. "Nilikuwa namsubiri."

Kijana hakuwahi kumwona mama yake akilia, hata siku ya mazishi. Sasa alilia kwa sauti, kabari ya kulia kaikumbatia kifuani.

"Mama, yaache yale niliyosema. Tela ni lako. Hatuuzi."

Mama akatikisa kichwa. "Uza, mwanangu. Nikibaki humu nitamsubiri kila siku."

Kijana alirudisha gari nyuma kidogo ili kabari ilegee, kisha akashuka aitoe. Mama akamzuia. Alipiga magoti upande wa kushoto, ambao hakuwahi kuugusa tangu ile aibu ya mwaka wa kwanza, akaivuta ile kamba polepole mpaka kabari ikatoka.

"Lako tayari, mume wangu," akasema, akainuka.